Mimi Bado, Mwalimu

Nchi yetu kwa sasa haina jina. Lile la zamani limepelekwa kufanyiwa maboresho, na kamati inayolishughulikia inasubiri kamati nyingine iipatie ukumbi. Kwa hiyo ukisoma habari hizi ukadhani unasemwa wewe, tulia. Nchi yako ina jina.

Watu wetu ni watu wa amani, na amani hiyo tunaipata mapema, darasa la kwanza, pale mwalimu anapomaliza kueleza jambo, akatugeukia na kuuliza, "Mmeelewa?" Nasi tunajibu kwa pamoja, huku tukiivuta sauti mwishoni, "Ndiyo, mwalimuuu!" Hakuna aliyewahi kufundishwa kujibu hivyo, na hakuna aliyewahi kujibu vingine. Ukishalizoea jibu hilo unakwenda nalo maisha yote. Daktari akikueleza ugonjwa wako, unajibu hivyo. Hakimu akikusomea kifungo chako, unajibu hivyo. Bungeni, waziri akimaliza kusoma bajeti huvua miwani na kuuliza, "Mmeelewa?" na waheshimiwa huitikia mpaka mapazia yakatikisika. Mimi mwenyewe nilifunga ndoa kwa jibu hilo. Mchungaji alipouliza kama nimeelewa uzito wa kiapo, niliitikia kwa kuvuta, kanisa zima likanisaidia, na mke wangu hajanisamehe mpaka leo.

Mimi ni Katibu wa Kamati ya Taifa ya Kupima Programu za Kufundishia, iliyo chini ya Wizara ya Elimu na Furaha ya Umma. Ni kazi ya heshima. Nina binti mmoja, Stumai, anayesoma darasa la pili katika shule ya serikali jirani na kwetu. Ndani ya shule hiyo sijawahi kuingia. Mzazi anayekwenda kuchungulia madarasa anaonekana hana imani na serikali, na mimi nakula mshahara wa serikali hiyohiyo.

Sasa, mwaka mmoja tuliletewa programu iitwayo Mwalimu Hachoki. Inakaa ndani ya kishikwambi, kile kibao cha kioo cha kubonyeza kwa kidole. Unakiweka mezani mbele ya darasa, kinafundisha chenyewe. Mwenyekiti wetu, Profesa Kanuti Mbegelo, alikitazama kwa muda, kisha akasimama kutoa neno la ufunguzi. Profesa akisimama, watu wenye njaa hukata tamaa.

"Ndugu wajumbe," alisema, "tatizo la elimu yetu tumelijua siku nyingi, ila tulikosa ujasiri wa kulitaja. Tatizo ni mwalimu. Mwalimu ana tumbo, na tumbo linadai. Ana miguu, na miguu inavimba. Ana nyumba, na nyumba inavuja. Lakini huyu tuliyeletewa leo hali, havimbi wala havujiwi! Kwa mara ya kwanza katika historia tunakwenda kuiondoa elimu mikononi mwa watu, ambako ndiko ilikokuwa ikiharibikia. Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimuuu!" tukajibu.

Upimaji ukaanza. Mwongozo wetu unakataza kabisa watoto kuhusishwa, kwa sababu wana upendeleo: kitu wasichokielewa huwa hawakipendi. Kwa hiyo tuliazima madawati ya watoto, tukakaa sisi. Yalikuwa madogo. Mjumbe wa Hazina alikaa na hakuweza kutoka mpaka alipoletewa seremala, jambo lililoandikwa kwenye ripoti kuwa ni uthibitisho kwamba programu inamfanya mwanafunzi asitamani kuondoka darasani. Tulipima uzito wa kishikwambi. Tulipima kama rangi yake inapatana na bendera. Tulikiangusha mara moja kwenye zulia na mara moja kwenye mguu wa karani, na kote hakikuvunjika. Kwenye kipengele cha harufu kilipata alama zote.

Halafu fundi wa kampuni, kijana mpole anayeitwa Injinia Yaredi, akatueleza yaliyomo ndani.

"Sauti mtakayoisikia ni ya mwalimu halisi," alisema. "Tulikwenda Shule ya Msingi Majengo Mapya, tukamrekodi Mwalimu Fausta Kizenga akifundisha darasa lake la pili. Ndiye aliyepata tuzo ya mwalimu bora mwaka ule. Sauti za watoto tumezitoa zote, amebaki yeye tu. Na kuna kitu tumekiongeza, kinaitwa Hakuna Anayeachwa. Programu inasikiliza. Akitokea mwanafunzi akasema hajaelewa, inarudia somo. Haiendi mbele mpaka aelewe."

"Hata akiwa mmoja?" Profesa aliuliza.

"Hata mmoja, Profesa."

"Ukarimu mkubwa huo," alisema Profesa. "Kwetu lakini hautakuwa na kazi."

Somo la kwanza lilikuwa la kuhesabu, likapita. La pili na la tatu yakapita. Sauti ya Mwalimu Fausta ilikuwa tulivu, yenye kukwaruza kidogo kama ya mtu aliyevuta vumbi la chaki miaka mingi. Akiuliza, "Mmeelewa?" tulijibu, na kishikwambi kikacheza muziki wa pongezi. Ninakiri nilifurahi. Mjumbe wa Hazina alikuwa anatafuta hata mtu wa kumpigia makofi.

Somo la nne lilikuwa "Sifa za Nyumba Bora". Wote tulilisoma utotoni na wote tulilikumbuka.

"Nyumba bora ina paa lisilo...?" sauti ikauliza, ikatuachia tumalizie.

"Vujaaa!"

"Ina madirisha ya kupitisha...?"

"Hewaaa!"

"Na ina ukuta...?"

"Imaraaa!"

"Mmeelewa?"

"Ndiyo, mwalimuuu!"

Kikawa kimya. Tukasubiri muziki wa pongezi, haukuja. Badala yake, upande wa kushoto wa chumba, karibu kabisa na ukuta, mtoto akasema kwa sauti ndogo, "Mimi bado, mwalimu."

Tuligeuka wote. Hapakuwa na mtu pale. Palikuwa na kabati la majalada, na juu yake kikombe cha karani.

"Mbona ukuta wetu umepasuka?" mtoto aliuliza.

Sauti ya Mwalimu Fausta ikachelewa kidogo. Kisha ikasema kutoka kwenye kishikwambi, taratibu, "Kaa chini, Sesilia. Tutawauliza wakubwa." Na somo la nne likaanza upya: nyumba bora ina paa lisilo nini.

Profesa alimtazama mlinzi mlangoni. "Nani kamruhusu mtoto kuingia kwenye kikao cha kupima programu za watoto?"

Mlinzi alipekua. Akatazama chini ya madawati, ndani ya kabati, nyuma ya pazia. Akafungua hata droo ya karani, ambamo hakuna mtoto ambaye angeenea. Wakati anapekua, somo likafika tena ukutani, tukaulizwa tena, tukajibu tena, na mtoto akasema tena, palepale, kwamba yeye bado.

* * *

Tulihamia chumba kingine. Sauti ikatoka ukutani. Tukahamia ukumbi wa chini, tukahamia ofisi ya Profesa yenye vigae na picha ya Mtukufu Kiongozi wetu. Ikatoka ukutani, chini kidogo ya picha. Injinia Yaredi alikifungua kishikwambi, akakiunganisha na mashine zake, akasikiliza kwa vifaa vya masikioni mpaka jasho likamtoka.

"Humu ndani hiyo sauti haipo, Profesa," alisema. "Nimetafuta. Hata hilo jibu la mwalimu nilikwisha kulikata."

"Sasa tunasikia nini?"

"Sijui. Ninachokumbuka ni kwamba siku ile ya kurekodi kulikuwa na mtoto aliyekaa upande wa kushoto, ukutani. Aliuliza kitu, mwalimu akamwambia akae chini."

Kamati ilijadili kwa kina. Je, hili ni tatizo la programu au ni utovu wa nidhamu? Kama ni la programu, tutapunguza alama, na uzinduzi ulishatangazwa, fulana zilishachapwa, na kwaya ilishakula. Kwa hiyo ikapitishwa kwamba ni utovu wa nidhamu. Mtoto ambaye hajasajiliwa anahudhuria vikao vya Kamati na kupinga mambo ambayo wajumbe wote wameyaafiki. Mwongozo katika hali hiyo uko wazi: aitwe mzazi.

Niliandika barua mimi mwenyewe. Kichwa chake kilisema, "Utovu wa Nidhamu wa Mtoto Wako Sesilia." Ilikuwa barua nzuri, yenye muhuri. Baada ya siku chache ofisi ya wilaya ikajibu kwamba mzazi amepatikana, ni Mwalimu Fausta Kizenga mwenyewe, kwa kuwa Sesilia alikuwa binti yake wa kumzaa. Mtoto hakupatikana. Alifariki masika yaliyopita, ukuta wa darasa ulipoanguka asubuhi ya mvua. Wenzake wote walitoka. Yeye alikuwa ndiye aliyekaa ukutani.

Nilikumbuka tukio hilo. Wakati ule Wizara ilitoa taarifa kwamba ukuta wa Shule ya Msingi Majengo Mapya umestaafu kwa mujibu wa sheria baada ya utumishi wa muda mrefu, na ikawaomba wananchi wasikuze mambo. Fungu la matengenezo ya madarasa lilikuwa limeshahamishwa, kwa nia njema kabisa, kwenda kununua Mwalimu Hachoki.

Nilimpelekea Profesa jibu la wilaya. Alilisoma lote, akalikunja.

"Hapo pa kufariki hapatuhusu," alisema. "Mzazi aje."

* * *

Alikuja mama mwembamba, gauni limepigwa pasi, barua yangu ameishika mkononi. Nilidhani atakuja na hasira. Alikuja na ule utulivu wa watu waliokwisha kulia mahali pengine.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwalimu. Keti. Tumekuita kuhusu mwanao. Anaisumbua Kamati."

Mama yule alimtazama, akatutazama wote mmoja mmoja, kana kwamba mmoja wetu angecheka na kusema ni utani. Hakuna aliyecheka.

"Anawasumbua?" aliuliza. "Amesema nini?"

"Anasema hajaelewa."

Mwalimu Fausta alishika ukingo wa meza. "Naomba nimsikie."

Injinia Yaredi alitugeukia kutafuta ruhusa, na kwa kuwa hakuna aliyekataa, akabonyeza. Paa lisilovuja. Madirisha ya kupitisha hewa. Ukuta imara. Tulipoulizwa kama tumeelewa, wajumbe waliitikia, ila safari hii kwa sauti ya chini. Mimi sikuitikia vizuri, nilikuwa na kitu kooni. Kumbukumbu za kikao zinasema ni vumbi, na kumbukumbu niliziandika mimi.

"Mimi bado, mwalimu," mtoto akasema kutoka ukutani.

Mama aliinuka, akauendea ukuta. Akasimama pale, akaweka kiganja juu ya rangi, chini kidogo, kwenye kimo cha mtoto wa miaka minane. Akasikiliza swali mpaka mwisho. Akasikiliza na sauti yake mwenyewe ikimjibu, "Kaa chini, Sesilia."

"Tena," alisema.

Yaredi akarudisha. Mama akasema "tena" mara nyingine, na nyingine, na hakuna aliyethubutu kumwambia basi. Nilimwaza binti yangu, nikaona uchungu, nikainamisha kichwa kwenye makaratasi.

"Shuleni ananiita mwalimu," alituambia hatimaye, bila kugeuka. "Nilimkataza kuniita mama mbele ya wenzake, wasije wakasema nampendelea. Hata swali lake sikulijibu ili wasiseme nampendelea. Nikamkalisha chini. Palepale ukutani nikamkalisha."

Profesa alikohoa. Hapo ndipo ungeona kwa nini mtu anaitwa profesa.

"Mwalimu, Kamati inakupa pole kwa usumbufu tulioupata. Tunachohitaji ni kidogo tu. Utarekodi upya somo la nne, mahali penye utulivu, pasipo na mtoto. Hii ya zamani itafutwa, naye atapumzika. Mmeelewa?"

Tukasema ndiyo. Mwalimu Fausta hakusema.

"Nitarekodi," alisema. "Hata mkitaka kumfuta, mfuteni, mimi nitaweza wapi kuwazuia? Lakini kwanza mjibuni. Aliuliza mbona ukuta wetu umepasuka. Nikamwambia tutawauliza wakubwa. Sikuwahi kuwauliza, mvua ikanitangulia. Sasa mmeniita wenyewe. Mkimjibu, leo hii narekodi."

Kamati ikaahirishwa ili kumtafuta mkubwa. Kazi ilikuwa ngumu kuliko nilivyodhani. Profesa alisema yeye ni mtaalamu tu, mkubwa ni Katibu Mkuu. Katibu Mkuu alisema yeye ni mtendaji tu, mkubwa ni Waziri. Waziri alicheka kwa unyenyekevu, akasema yeye ni msaidizi tu, mkubwa ni Mtukufu Kiongozi. Nikapiga simu Ikulu. Nako nikaambiwa Mtukufu anajiona ni mtumishi tu, na siku zote husema wakubwa ni wananchi. Kwa hiyo nikamrudia Mwalimu Fausta, aliyekuwa amekaa korido na mkoba wake magotini, nikamweleza kwamba kwa mujibu wa utafiti wetu mkubwa ni yeye.

Aliufunga mkoba wake. "Una mtoto, Katibu?"

"Ninaye, mwalimu. Wa kike."

"Anakaa upande gani darasani?"

Nikamwambia sijui. Nilijibu upesi, kwa sababu nilikuwa na kikao.

* * *

Uamuzi ulipatikana kama maamuzi yetu yote yanavyopatikana. Kwa kuwa mtoto hawezi kutolewa, afunikwe. Watumishi wote wa Wizara, kuanzia wakurugenzi hadi madereva, waliitwa uwanjani, wakarekodiwa wakisema "Ndiyo, mwalimuuu!" kwa nguvu zao zote. Injinia Yaredi aliiweka sauti hiyo ndani ya programu mahali pa kujibu, na kuirefusha. Tulipojaribu, tulisikia kishindo, halafu mlio masikioni, halafu muziki wa pongezi. Ukutani hatukusikia kitu. Profesa alisema hivi ndivyo sayansi inavyofanya kazi.

Siku ya uzinduzi, Ukumbi wa Mikutano ulipambwa kwa vitambaa. Mtukufu Kiongozi alikaa mbele, kwenye kiti chenye mito. Mwalimu Fausta alialikwa kama mmiliki wa sauti, akapewa fulana na nafasi ya mstari wa pili. Profesa alimhakikishia kwamba suala lake liko mezani. Fulana aliikunja mapajani, hakuivaa.

Mtukufu alihutubia. Alisema katika nchi nyingine watoto wanasubiri walimu, hapa kwetu walimu watasubiri watoto, tena bila kula. Alisema ujinga umepewa notisi. Kisha akabonyeza, na shule zote za nchi, zilizounganishwa siku ile kwa njia ya satelaiti, zikaanza kulisikiliza somo la nne pamoja nasi. Lilichaguliwa hilo kwa kuwa linahusu maendeleo.

"Na ina ukuta...?"

"Imaraaa!"

"Mmeelewa?"

Tuliitikia ukumbi mzima, na sauti ya Wizara ikatuongezea, na kishindo chake kikapukutisha vitambaa. Ikatulia. Nilimwona Profesa akitega sikio upande wa ukuta wa kushoto. Hakusikia neno. Akatabasamu, akanyanyua mikono ili apige makofi.

Mwalimu Fausta akasimama.

"Mimi bado, mwalimu," alisema. Hakupaza sauti. Alisema kama wanavyosema watoto, ameinua kidole. "Mbona ukuta wetu umepasuka?"

Ile programu, kama nilivyokwisha kueleza, inasikiliza. Ilimsikia. Na kutoka kwenye spika za ukumbi, na bila shaka kutoka kwenye kila kishikwambi cha kila shule, sauti yake mwenyewe ikamjibu, "Kaa chini, Sesilia. Tutawauliza wakubwa."

"Sikai," mama alisema. Akapita katikati ya viti mpaka mbele ya kile chenye mito. Walinzi walisogea, lakini walikuwa bado hawajajua kama hili ni sehemu ya ratiba. "Mtukufu, mtoto wangu aliuliza mbona ukuta wao umepasuka. Nimekuja kuwauliza wakubwa."

Mtukufu Kiongozi alimtazama. Alitazama kushoto, kulia, akamtafuta msaidizi wake wa hotuba. Nchi nzima ilikuwa inamsubiri, na kishikwambi nacho. Naye ni mtu wa kwetu, alisoma shule zetuzetu. Alifungua kinywa, na kilichomtoka ni kile kilichomo ndani yetu sote.

"Ndiyo, mwalimu," alisema.

Somo la nne likaanza upya. Nyumba bora ina paa lisilo nini. Ukumbini hakuna aliyemalizia. Ndipo nikasikia viti vinakwaruza sakafu, taratibu, kwanza upande wa kushoto, kisha kote. Waheshimiwa walikuwa wanavivuta viti vyao kuviondoa ukutani. Mpaka Mtukufu anatolewa kwa mlango wa nyuma, mabalozi, wakurugenzi na kwaya tulikuwa tumebanana katikati ya ukumbi, kila mmoja anatazama kuta kwa jicho la pembeni. Mwalimu Fausta alibaki peke yake pale mbele, kidole kimeinuliwa.

* * *

Ripoti ya Kamati ilitoka kwa wakati. Programu ilifaulu kwa asilimia tisini na nane. Mbili zilipunguzwa kwa sababu ya hali ya hewa. Somo la nne limefutwa. Neno "Mmeelewa?" limeondolewa katika masomo yote, kwa kuwa imebainika kwamba linaweza kuchochea majibu. Hakuna Anayeachwa imezimwa. Kuhusu Mwalimu Fausta, alihamishiwa shule mpya iliyoko mpakani ambayo bado haijajengwa. Haina paa wala ukuta, na ripoti inasema kwamba katika hilo usalama wake umezingatiwa. Ukuta haukutajwa popote pengine. Yaredi ameacha kazi, anafuga kuku.

Mimi nilipandishwa cheo. Vishikwambi viligawiwa shule zote, ikiwamo ya binti yangu, na nilijisikia vizuri kwa muda wa kutosha.

Jana tulikuwa mezani, mama yake ameandaa wali na maharage, Stumai akawa anakula upesiupesi huku akisimulia mambo ya shule. Alisema kishikwambi chao kinafundisha vizuri ila hakiulizi kitu.

"Halafu leo tena Sesilia alisema bado," akasema.

Nikaweka kijiko chini. "Sesilia gani?"

"Yule wa darasani kwetu, baba. Wa ukutani. Kila siku anasema bado, na mwalimu wa kishikwambi anaendelea tu, hamsubiri. Sisi tunamwonea huruma. Kwa hiyo tumemsogezea nafasi kwenye dawati, akae kwa ndani."

"Mmefanya vizuri, mwanangu," nilisema. "Kwa nini kwa ndani?"

"Ili asikae ukutani. Hapapendi." Akachota wali, akatafuna, akameza. "Dawati ni la watu watatu. Yeye yuko katikati, na Zawadi kwa huku mwisho."

"Na wewe?"

"Mimi ndio nimekaa ukutani."

Mke wangu alikuwa ameacha kula. Nilimuuliza Stumai ukuta wa darasa lao ukoje, na nilijitahidi kuuliza kama mtu anayeulizia rangi.

"Umepasuka kidogo tu," alisema. "Ukiweka mkono unaingia." Akatuonyesha kwa mkono wake mdogo, mpaka kwenye kiwiko. Nje mvua ilikuwa imeanza kudondoka. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimekaa tu namkodolea macho, akanieleza tena polepole kama wanavyoelezwa watu wagumu, akipanga vijiko mezani: Zawadi huku, Sesilia katikati, yeye hapa, na hapa ukuta.

"Umeelewa, baba?" aliniuliza.

Nilifungua kinywa kumjibu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe sikuweza kusema ndiyo.